Saa ya Nyumba Ile

Jumapili, 5 Februari 2023

Naitwa Khamisi wa Busi, na kama hunijui basi wewe si mtu wa Kondoa. Darasani sikuingia hata kufuata mbuzi aliyepotea. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu mwenyewe alikiri kwamba nilimaliza kujua kusoma kabla yeye hajamaliza kufundisha.

Daftari hili aliniachia mjukuu wangu Salma pale stendi ya Kondoa, siku anaondoka kwenda Lebanoni kufanya kazi za ndani. Akaniambia, "Mume wangu, uongo wako wote utie humu. Nikirudi nausoma." Miaka miwili ya mkataba imeisha mwezi uliopita, na mimi sijatia hata mstari. Naanza leo kwa sababu leo kapiga simu, na nimeshuka kwenye dungu moja kwa moja mpaka kwenye daftari.

Salma, dungu unalijua, lakini atakayesoma baada yako halijui. Ni kichanja changu cha kulindia uwele, juu kabisa ya shamba. Ukipanda, mtandao unashika. Ukishuka, umekwisha. Kwa hiyo upande huu wote wa Busi, mwenye mtoto Arabuni anakuja kwangu kungojea simu. Nimetundika ubao, nimeandika kwa mkaa: Omani, ongeza saa moja. Misri, punguza saa moja. Lebanoni, punguza saa moja. Hakuna mama aliyewahi kukosa sauti ya mwanawe kwa kosa la ubao wangu. Wananiita Mzee Saa, na mimi siwakatazi.

Salma anapiga Jumapili tu. Matajiri wake ni Wakristo, wanaingia kanisani saa nne ya kwao, kwetu saa tano, wanatoka baada ya saa moja. Nyumbani anabaki yeye na bibi mmoja asiyeweza kuinuka kitandani. Yule bibi anampa simu yake, ampigie babu yake tu, basi, na anakaa anamsikiliza. Sisi tunaongea Kirangi, asikilize mpaka achoke.

Leo Salma hakuniita mume wangu. Alisema, "Babu, nitoe." Mkataba umeisha, wao wanasema haendi popote. Pasi yake imefungiwa kabatini kwa mama mwenye nyumba. Mlango wa chini una kufuli siku zote, ufunguo unaachwa kwa yule bibi ile saa ya kanisa tu, kwa hofu ya moto.

Mtoto huyu alinitania tangu ana meno mawili. Asiponitania, hali ni mbaya.

Alhamisi, 9 Februari

Mvua. Tumepalilia mpaka mchana, halafu ikatufukuza.

Jumapili, 12 Februari

Kapiga. Nilimsimulia nilivyomtoa mbuzi wa jirani yangu Abubakari mdomoni mwa fisi, akacheka kidogo. Na yeye akanichekesha: baba mwenye nyumba akimwona kiongozi wa serikali kwenye runinga anavua kandambili anamrushia. Nikasema kandambili ni kitu cha bei, arushe kiti. Tukacheka, saa ikaisha. Hatukupanga lolote.

Jumanne, 21 Februari

Binti yangu Mwanne, mama yake Salma, kaenda Kondoa mjini kwa miguu mpaka barabara kubwa, karudi na namba ya mwanamke anaitwa Mwamvua. Mwenyeji wa Kolo, yuko Beiruti mwaka wa kumi na moja, anapika hotelini. Ameshawatoa wasichana watatu kwenye nyumba kama hiyo.

Nikampigia kutoka kwenye dungu. Ana sauti ya mtu asiye na muda wa hadithi. Nilipoanza kumwelezea mimi ni nani, akasema, "Shikamoo babu, utaniambia siku nyingine. Nyumba iko mtaa gani?"

Sijapendezwa naye.

Jumapili, 5 Machi

Kweleakwelea wameingia. Wakitua kwenye uwele, masuke yanainama kama yamesalimiwa na mkuu wa wilaya. Nina kombeo, nina debe, nina matusi. Simu ya Salma fupi. Anasema mama mwenye nyumba kampiga kwa mpini wa ufagio kwa sababu ya kikombe.

Jumatatu, 6 Machi

Ndege.

Jumapili, 19 Machi

Tumepanga. Salma kanipa mimi, mimi nimempa Mwamvua, kwa sababu wao wawili hawawezi kuongea. Yule bibi akiona namba ya hapo mjini anamnyang'anya simu. Jumapili ijayo, matajiri wakishaingia kanisani, saa nne na robo ya kwao, Mwamvua anafika na teksi mlangoni. Salma anachukua ufunguo, anashuka. Pasi tutaipigania baadaye kwa njia ya ubalozi.

Mwamvua akasema, "Babu, ujue Jumapili hiyo huku wanasogeza saa mbele. Itakuwa sawasawa na ya Busi."

"Nani anaisogeza?"

"Serikali. Kila mwaka."

Nikacheka mpaka dungu likayumba. Saa moja ni jua limetoka. Saa kumi na mbili ni jua limezama. Utamwambia nani alisogeze? Alivyokata simu nikamuuliza Mwalimu Joshua wa shule ya msingi, kijana wa Kibakwe, ana simu kubwa. Kasema ni kweli. Nchi za kule jua lao halitulii, msimu mmoja linawahi, msimu mwingine linachelewa, basi watu wanaamua wenyewe. Nikamuuliza, na Lebanoni mwaka jana nilikuwa naandika vibaya? Kasema ndiyo, mwaka jana uliandika vibaya kuanzia Machi mpaka Oktoba.

Nakumbuka mwaka jana Salma alikuwa anapiga mapema na mimi namgombeza, "Leo umewahi, mke wangu, umenikosa msalani." Mtoto hakunisahihisha, akaniachia ubingwa wangu.

Nimefuta. Nimeandika: Lebanoni, kuanzia Jumapili sawa na sisi.

Ijumaa, 24 Machi

Ramadhani imeingia. Joshua kapanda shambani akihema. Serikali ya Lebanoni imebadili, jana tu. Saa haisogezwi Jumapili, imeahirishwa mpaka mfungo uishe, ili watu wafuturu mapema.

"Simu yako inasemaje?"

"Simu yangu inasema inasogezwa."

"Nani mwongo?"

Akanieleza kitu ambacho sikukijua. Kuna watu duniani wana daftari la saa za nchi zote, na simu zote zinasoma humo. Serikali ikiamua kwa siku mbili, wale watu hawawahi kuandika, na wakiandika simu haziwahi kusoma. Na sasa hivi wenyewe wanabishana waandike nini.

Kumbe siko peke yangu mwenye ubao. Lakini mimi mkaa wangu unafutika upesi. Nimefuta, nimeandika: Lebanoni, punguza saa moja. Abubakari alikuwa chini anafuata mbuzi wake, akapaza sauti, "Mzee Saa, ukimaliza kuwasogezea Walebanoni, nisogezee na magharibi, nina kiu!"

Jumamosi, 25 Machi

Mwamvua kapiga saa tisa alasiri. Sauti yake haikuwa ile ya juzi.

"Babu, huku kumeharibika. Kanisa kubwa limekataa, limesema litasogeza kesho kama kawaida. Shule nyingine zimekataa, runinga nyingine zimekataa. Hotelini kwetu ukutani kuna saa mbili. Kesho nchi hii itakuwa na saa ya serikali na saa ya waliokataa. Nyumba ya Salma wanafuata ipi?"

Sijui. Salma hapatikani mpaka ile saa yenyewe. Nikamwambia awahi, asubiri.

"Nisimame saa nzima mlangoni kwa watu? Mlinzi wa jengo ataita polisi, na mimi karatasi zangu siyo nzuri. Nina dakika tano pale, babu. Nitajie saa moja. Wewe ndiye unayeongea na mtoto, wewe ndiye unayeijua nyumba ile."

Mwanne alikuwa amekaa kwenye ngazi ya dungu, ananitazama mdomoni.

Basi nikaukumbuka mwaka wa sabini na tisa. Serikali ilisema mifugo yote itoke kwenye vilima vya Kondoa, ardhi imekwisha kwa makorongo. Nilikuwa na ng'ombe tisa. Tulilia, tukabisha, tukaapa hatoki hata ndama. Wote walitoka. Siku ya mwisho ukisimama hapa Busi husikii hata kengele moja. Mimi niliyeapa kuliko wote niliwachunga mwenyewe mpaka kwa shemeji yangu huko tambarare. Serikali ikishasema, watu wanapiga kelele halafu wanafuata. Hilo nalijua kwa mwili wangu.

Nikamwambia Mwamvua, "Saa ya serikali. Nenda na saa ya serikali."

"Una uhakika, babu?"

"Mimi ni Mzee Saa."

Jumapili, 26 Machi

Naandika sasa kabla sijaanza kujidanganya.

Asubuhi ndege walikuja kuliko siku zote. Nikashuka na debe mpaka mwisho wa shamba, simu iko mfukoni, nikijua mpaka saa tano hakuna neno. Saa tano kasorobo nikapanda na Mwanne. Nilipofika juu, simu ikalia mara tatu mfululizo, zile jumbe za kampuni kwamba namba fulani ilikupigia. Saa nne na dakika tano. Saa nne na ishirini. Saa nne na thelathini na tano. Namba ya yule bibi.

Walikuwa wameshaingia kanisani. Nyumba ile ilisogeza saa.

Nikapiga ile namba ambayo sijawahi kuipiga. Akapokea yule bibi. Anaongea, analia, mimi sielewi. Neno nililoelewa ni Salma, Salma, Salma. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa Kirangi, na kwa bismillahi, "Mrudishe ndani! Mwambie arudi ndani!" Na yeye anaendelea na lake. Wazee wawili tunapigiana kelele kwenye simu moja.

Nikampigia Mwamvua. Yuko kwenye teksi, barabara imefunga. "Kanisa linatoka lini?" Saa tano, nikasema, sasa hivi. Nilisikia anamfokea dereva Kiarabu.

Alinipigia saa tano na robo. Amefika, gari la familia limeshasimama. Salma alikuwa nje ya mlango, kwenye ngazi, na mfuko wake wa nailoni. Alimsubiri saa nzima pale, ufunguo mkononi. Mama mwenye nyumba kamshika nywele, baba kabeba mfuko, wakaingia naye. Mlango ukafungwa. Mwamvua hakuweza kushuka kwenye teksi. "Aliniona, babu. Alinitazama mimi mpaka mlango ulipofungwa."

Ndipo nikaikumbuka kandambili. Mtu anayemrushia kandambili kiongozi wa serikali kwenye runinga, atafuata saa ya serikali? Salma alikuwa kaniambia nyumba ile ni ya watu gani. Aliniambia tarehe kumi na mbili Februari, nimeiandika mwenyewe hapo nyuma, na mimi nikaongeza kiti ili kichekesho kiwe changu.

Mwanne alishuka kwenye dungu, akaniacha juu.

Jumatatu, 27 Machi

Joshua kaja taratibu kama mtu anayeleta habari ya msiba. Serikali ya Lebanoni imerudi nyuma. Saa itasogezwa Jumatano usiku. Nchi nzima itakuwa na saa moja tena.

Siku nne tu. Mjukuu wangu kaangukia kwenye siku nne.

Nimefuta ubao. Sikuandika kitu.

Jumapili, 2 Aprili

Hakupiga.

Alhamisi, 6 Aprili

Mwanne analeta futari, anaiweka, anaondoka. Tangu siku ile hajanipa shikamoo. Miaka arobaini na tano nimemlea, hata siku niliyomkataza kuolewa na yule dereva alinipa shikamoo kwanza ndipo akatoroka naye.

Jumapili, 9 Aprili

Hakupiga. Nilipiga mimi. Simu imezimwa.

Mwamvua kapita ule mtaa mara mbili. Mapazia yamefungwa. Nikamwomba radhi. Akasema, "Babu, mimi ndiye niliyekuuliza. Na mimi ningeweza kuuliza vizuri zaidi." Huyu mwanamke nilisema sijapendezwa naye. Niliandika ujinga.

Jumatano, 12 Aprili

Ndege wamekula robo ya uwele. Sikuwarushia. Waliokaa karibu nami nikawaambia kuleni.

Jumapili, 16 Aprili

Hakupiga.

Abubakari kapanda, kakaa, hakunitania. Nilimchokoza kuhusu mbuzi wake, akasema, "Ni kweli, kaka, ni wabovu." Abubakari kukubali kwamba mbuzi wake ni wabovu! Ndipo nikajua jinsi watu wanavyonitazama.

Jumamosi, 22 Aprili

Idi. Sikwenda kwa mtu.

Jumanne, 25 Aprili

Abubakari tena. Mwanawe anasoma Misri, na Misri nao wametangaza wanasogeza saa Ijumaa, walikuwa wameacha miaka kadhaa sasa wameirudia. "Niandikie kwenye ubao, Mzee Saa."

"Usiniite hivyo. Muulize mwanao. Na usimuulize serikali imesema nini. Muulize chuoni kwao kengele inagonga saa ngapi, na pale anapolala wanafuata ipi, na mpishi wao anafuata ipi."

Akanitazama. "Yote hayo ya nini?"

"Ili usije ukakaa hapa kama mimi."

Jumapili, 30 Aprili

Hakupiga.

Alhamisi, 4 Mei

Tumeanza kukata masuke. Kilichobaki.

Jumapili, 7 Mei

Hakupiga.

Jumatano, 10 Mei

Uwele umekwisha shambani, umepurwa. Ndege wamehama. Mimi bado napanda dungu alfajiri, nashuka giza likiingia, kila siku, siyo Jumapili tu, maana sijui tena ni saa ipi atakayopata. Watoto wa shule wanapita wanaulizana babu analinda nini. Nalinda mabua.

Nimepata muda wa kuhesabu mambo aliyoniambia Salma kwa miaka miwili nikayaruka. Rangi ya gari lao siijui. Jina la yule bibi silijui. Mbele ya nyumba kuna nini, sijui. Yeye habari za mbuzi wa Abubakari anazijua zote.

Jumapili, 14 Mei

Saa nane mchana, jua kali, simu ikalia. Namba ile.

"Babu."

Nikashika nguzo ya dungu.

"Babu, huko saa ngapi?"

Maisha yangu yote swali hilo nimelijibu kabla mtu hajalimaliza. Nikasema, "Sijui, mke wangu. Niambie wewe, huko kwenu kukoje?"

Halafu akaniambia, na mimi nilifunga mdomo, wallahi, mpaka Mwanne aliyekuwa kapanda mbio akanitazama kama nimekufa.

Walimfungia chumba cha kufulia wiki tatu. Simu ya bibi walimnyang'anya, wakamrudishia juzi kwa sababu bibi mwenyewe aligoma kula. Yule bibi anaitwa Tereza. Siku ile alikuwa analia kwa sababu kutoka kitandani, kupitia dirishani, alimwona Salma chini anasubiri na hakuweza kushuka kumwambia arudi. Sasa yeye mwenyewe kasema: nenda. Ufunguo hawaachi tena, lakini Tereza ana wa kwake wa zamani, uko ndani ya mto wa kitanda. Ng'ambo ya barabara kuna duka la mikate, mwenyewe ni mjane wa Kihabeshi, watu wanakaa hapo kunywa chai tangu alfajiri na hakuna anayewauliza.

"Duka hilo liko hapo siku zote?"

"Siku zote, babu. Nilikuambia. Ndiyo mikate niliyokusimulia ina ufuta."

Jumapili ijayo ni ubatizo wa mtoto wa ndugu yao, mbali, milimani. Hajui wataondoka saa ngapi, wenyewe wanagombana. Nikasema saa siitaki. Mwamvua atakaa dukani tangu alfajiri. Gari likishaondoka, wewe tundika kitu barazani.

"Blanketi la Tereza," akasema. "Jekundu."

"Gari lao rangi gani?"

"Nyeupe, babu. Kwa nini unauliza sana leo?"

Jumapili, 21 Mei

Nimepanda dungu na giza la alfajiri. Mwanne kapanda. Abubakari kapanda, nikamwambia kichanja hakitahimili uzito wake na wa madeni yake, akasema afadhali, mzee karudi. Joshua kaja na simu yake kubwa, nikamwomba aitie mfukoni.

Jua likatoka. Likapanda. Hakuna aliyesema neno la saa. Mwanne alikuwa anachambua mabua, anayavunja vipande vidogo vidogo, rundo likafika magotini.

Mwamvua kapiga mara moja: "Gari bado lipo. Baba anapiga honi, mama hajashuka." Kakata.

Kapiga mara ya pili: "Limeondoka." Kakata.

Halafu hakupiga. Hakupiga. Kivuli cha ubao kikatoka mguuni kwangu kikafika kwenye ngazi. Mimi ambaye sijawahi kunyamaza hata msikitini nilikuwa nimeuma ncha ya kanzu.

Simu ikalia. Nikampa Mwanne. Mimi nisingeweza.

Akasikiliza. Akasema, "Jekundu?" Akasikiliza tena. Akakaa chini kwenye mabua yake, akanipa simu, na huko ndani alikuwa Salma, anahema, na kelele za gari, na Mwamvua nyuma anamwambia dereva aende.

"Mume wangu," akasema.

Pasi bado iko kabatini kwa yule mama. Mwamvua anasema ubalozi unaweza kuchukua miezi, na hapo katikati Salma atajificha jikoni kwa watu. Hajarudi. Sijui atarudi lini na sitaandika tarehe nisiyoijua.

Jioni nimechukua mkaa nikaandika ubaoni: Omani, ongeza saa moja. Misri, muulize mtoto wa Abubakari. Lebanoni, muulize Salma.

Nilipokuwa naandika, Mwanne kapita chini na ndoo ya maji kichwani. Kasimama.

"Shikamoo baba."

Nimeitikia mara mbili, isije ikawa ya kwanza hakuisikia.